Miluzi Miwili ya Shimo la Saba

Mwanangu Vitalisi,

Mimi baba yako nina miaka sitini. Mama yako anasema hamsini na tisa, lakini yeye hakuwepo nilipozaliwa. Nilizaliwa mwaka ule Wajerumani walipomaliza vita vyao na sisi Wahehe, ndani ya pango, na bibi yako alinifunika mdomo kwa kiganja ili askari wasinisikie. Tangu siku ile sijanyamaza tena. Nimewaona Wajerumani wakiondoka. Nimepita vita viwili vya Wazungu, nimepita ile homa iliyokuwa inamkuta mtu mzima asubuhi na jioni anazikwa, nimepita nzige, mabwana wanne, wanyapara saba wa makedi, sisi wabeba mifuko ya gofu, na meno yangu yote isipokuwa manne. Hata Mfalme amekufa, binti yake amekaa kwenye kiti, na mimi bado nainama kufunga kamba za viatu vyangu mwenyewe. Mtu wa namna hiyo akikuandikia barua, isome mpaka mwisho.

Usicheke mwandiko. Nilikaa darasa la misheni masika mbili tu, nikagombana na katekista kwa sababu ya mbuzi, nikaondoka. Herufi zangu zimelala kama mahindi yaliyopigwa mvua ya mawe, lakini ukiziinua moja moja zina punje. Naandika mchana kwa kuwa koroboi na macho yangu havisalimiani tena. Wewe umekwenda mjini kumalizia karatasi zako za safari. Mama yako amekaa mlangoni, kimya, na ufunguo wa sanduku ameufunga kwenye pindo la kanga yake. Utarudi jioni. Inabidi niwe nimemaliza.

Kesho asubuhi gari la kijivu la Bwana Kimya litafika hapa Mwanjelwa kukuchukua. Majirani wote wanajua, nimehakikisha wanajua. Hata muuza chumvi nimemwambia: kuna Mzungu hana shamba, hana ofisi, hana mgodi, kazi yake ni kupiga mpira wa gofu tu, anakula kwa mpira na kuvaa kwa mpira, na huyo amemchagua mwanangu ambebee mfuko wa fimbo. Mtapita Tunduma, mwende Ndola na Kitwe, mshuke Lusaka, Bulawayo, Salisbury, kisha Johannesburg, kisha mpaka huko nchi inapoishia baharini, halafu mpande tena juu mpaka Nairobi. Miezi saba, kila mji na mashindano yake. Muuza chumvi akaniuliza, "Sasa mzee, huo mpira ukipigwa hivyo nchi nzima, mwisho unafika wapi?" Nikamwambia, shimoni. Alicheka mpaka akamwaga chumvi.

Kazi sitakufundisha. Kukausha mishikio ya fimbo, kuhesabu hatua, kukaa upande ambao kivuli chako hakimgusi mchezaji, hayo unayajua. Usiyoyajua ni kwa sababu hukunisikiliza, na hilo ni lako.

Ninayo habari moja tu, na nimekaa nayo miaka kumi na miwili.

Unajua kwa nini Bwana Kimya alikuchukua wewe? Siku ile makedi ishirini walisimama mbele yake wamenyooka kama mabua ya mahindi. Wengine wana miguu mirefu kuliko wewe. Wengine wanajua Kiingereza. Nyapara akamwambia, "Huyu baba yake ndiye yule mzee ambaye hajawahi kupoteza mpira." Basi. Mzungu akanitazama mimi, akakutazama wewe, akatikisa kichwa kukubali. Neno moja hakusema, ndiyo maana tunamwita Kimya. Jina langu ndilo lililokubeba. Kipanga! Miaka thelathini kwenye majani marefu, kwenye mito, kwenye mashimo ya mhanga, hata mpira mmoja haujanipotea. Wazungu walikuwa wananigombania kama ng'ombe wa mahari.

Nilipoteza mmoja.

Nimeiandika hiyo, na kalamu haikuvunjika. Naendelea.

Shimo la saba la kiwanja chetu unalijua. Huko uendako utaona penye shimo pameoteshwa nyasi laini kama nywele za mtoto. Sisi hapa tuna brauni: mchanga uliochanganywa na mafuta machafu ya gari, mweusi, unaosawazishwa kwa gunia la kuburuta mpaka unang'aa kama mgongo wa ng'ombe aliyenyeshewa. Brauni haina siri. Ndege akitua, unasoma vidole vyake. Mpira ukipita, unaacha mstari. Brauni ya saba ilikuwa ya mzee Mwalyego, yule Msafwa mfupi wa ugoro. Na kulia kwake, hatua kama thelathini, kuna kile kichaka. Wakati wa kutengeneza kiwanja Wazungu walifyeka kila kitu, kichaka kile wakakiacha, kwa sababu kila mtu waliyemtuma na panga aliliweka panga chini akaenda nyumbani kwake. Ni makaburi. Ya nani, Wasafwa hawakumwambia mtu.

Mwalyego alitupa sheria sote tulipoanza kazi. Alisema hivi, huku anapiga chafya: "Mpira ukiingia mle, usiufuate. Simama nje, sema kwa sauti, umepotea. Bwana wako atanuna, atapiga mwingine, jua litatua kama kawaida. Kitu kilichopotea kina haki ya kuitwa kimepotea. Ukikinyima, kitatembea."

"Kitatembea kwa miguu gani, mzee?" nikamtania.

"Kwa ya kwako," akasema. Akavuta ugoro wake, akaniacha na mdomo wazi.

Sasa kumbuka yale mashindano ya kila mwaka, Wazungu wa Iringa wanakuja kucheza na wa Mbeya, mwaka mmoja hapa, mwaka mwingine kule. Wewe ulikuwa na miaka kumi, ulibaki na mama yako. Vita vya pili vilikuwa vimekwisha karibuni. Mimi nilibeba mfuko wa bwana wetu mkubwa wa hapa. Mfuko wa mpinzani kutoka Iringa aliubeba mjomba wako Kiwele, kaka yake mama yako, ambaye mdomo wake unaujua. Tangu shimo la kwanza ananichokoza.

"Kamwene, shemeji! Umezeeka. Leo utaitafuta hata njia ya kurudi nyumbani."

"Nitaitafuta nikiwa na kikombe mkononi."

"Kikombe utakinywea nini, huna meno!"

Na mbele yetu, kwenye kila shimo, alisimama kaka yako Kasiani. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Kazi yake ilikuwa kutangulia, kusimama mbali kule mpira unakoangukia, na kutupa habari kwa mluzi wa vidole viwili. Nilimfundisha mwenyewe. Mluzi mmoja mfupi: nauona. Miluzi miwili mifupi: umeingia majanini, natafuta. Mluzi mmoja mrefu: umepotea, acheni. Hakuna aliyepiga mluzi kama Kasiani. Ulikuwa unapita kwenye ukungu kama sindano kwenye pamba.

Tulifika shimo la saba tukiwa sawasawa na wa Iringa. Ukungu ulikuwa unashuka kutoka mlima Loleza. Bwana wangu akapiga, mpira ukakunja kulia. Mpira huo niliuwekea alama asubuhi, kama ilivyo desturi yangu, nukta tatu kwa ncha ya msumari wa moto. Nikausikia unagonga tawi. Nikangoja mluzi.

Ulikuja mrefu. Umepotea, acheni.

Mwanangu, hapo ndipo ningeweza kuwa mtu mzuri, na ingenigharimu neno moja tu. Lakini Kiwele alikuwa amegeuka ananitazama, anatabasamu. Nikakimbia. Nilifika ukingoni mwa kichaka kabla ya wote. Kasiani amesimama pale nje, miguu imelowa umande. Akaniambia polepole, "Baba, umeingia ndani kabisa. Nimeuona ukiingia."

Mfukoni nilikuwa na mpira mwingine, ndugu wa ule, wa kiwanda kilekile, wenye nukta tatu vilevile. Suruali yangu ilikuwa na tundu. Usiniulize kama tundu lilitokea lenyewe. Mpira ukateleza kwenye mguu, ukatua kwenye nyasi fupi, mahali pazuri pa kupigia, nami nikapaza sauti, "Nauona!"

Wakaja wote. Yule Mzungu wa Iringa akatazama mpira, akatazama kichaka. Hakuridhika. Akamgeukia Kasiani. "Wewe ulipiga mluzi wa kupotea. Uliuona mpira huu ukianguka hapa?"

Kasiani akanitazama.

Mimi sikumtazama kwa macho ya baba. Nilimtazama kwa macho ya Kipanga.

"Baba amesema ameuona," akajibu.

"Nakuuliza wewe."

"Nimeuona, Bwana. Nilikosea mluzi."

Tulishinda. Kikombe kilijaa pombe ya Wazungu, nasi makedi tulipewa ng'ombe mzima. Kiwele hakula. Na jioni ile nilipopita shimo la saba kurudi nyumbani, Mwalyego alikuwa anaburuta gunia lake. Hakunitazama. Alisema tu, kama mtu anayezungumza na mchanga, "Wewe umesema kimepatikana. Na yule kijana umemweka shahidi. Basi shahidi ndiye atakayeitwa."

Nilimwambia aache ushamba.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa wa kwanza kiwanjani. Brauni ya saba ilikuwa laini kama Mwalyego alivyoiacha. Hapakuwa na unyayo, hata wa ndege. Ila palikuwa na mstari mmoja, mwembamba, umeingia kutoka upande wa kichaka, umenyooka mpaka shimoni. Nikatia mkono. Mpira. Nukta tatu. Na ule mwingine, ule wa uongo, ulikuwa mfukoni mwangu. Nikaiweka viganjani, mmoja huku, mmoja huku. Umande ulikuwa umelowesha nchi nzima, lakini ule uliotoka shimoni ulikuwa mkavu, tena wa moto kidogo, kama yai lililotoka kwa kuku sasa hivi.

Nilidhani Mwalyego ananichezea. Nikautupa kichakani kwa nguvu zangu zote. Kesho yake upo shimoni, na mstari upo. Nikamkabili mzee nikamshika shati. Akasema, "Niachie shati, nina moja tu. Mimi usiku nalala kwa mke wangu, muulize kama namwacha."

Tulipokwenda Iringa mwaka uliofuata, tukiwa juu ya lori, niliuficha mpira ule kwenye kitambaa, na lori liliposimama darajani Chimala ili lipoe, niliutupa mtoni. Nilisikia unaingia majini, chubwi. Kule Iringa, kiwanja kingine kabisa, siku nzima ya barabara mbovu, niliinua bendera ya shimo la kwanza. Sitasema nilichokikuta. Unajua. Kiwele aliniona nikiuokota, akauona uso wangu, na hilo lilikuwa baya zaidi. Aliniambia, bila utani kwa mara ya kwanza maishani mwake, "Shemeji, rudisha ulichochukua."

"Sikuchukua kitu," nikasema. Na ni kweli. Nilikataa kuacha tu.

Tuliporudi kutoka Iringa ndipo Kasiani alipojiandikisha kwenda migodini kusini, huko Johannesburg. Hakuniaga vizuri. Tangu siku ya kikombe alikuwa hapigi mluzi tena, hata akiita mbwa. Alisema anataka kwenda mahali ambapo watu hawamjui baba yake. Nilimwambia, nenda, jina langu litakufuata. Maneno gani hayo ya kumwambia mtoto?

Alipata mwaka mmoja huko. Kisha akaja kijana wa Tukuyu, Mwaisaka, ametoka kule, ana kikohozi, amebeba koti. Aliketi pale uani kwetu, akakataa hata maji. Akasema, "Baba, mwanao alishuka chini na wenzake zamu ya asubuhi. Wenzake walipanda. Yeye hakupanda. Walimtafuta siku nne, kisha wakaziba njia ile. Nimeleta koti lake, lilikuwa limetundikwa juu." Mama yako akaweka mikono kichwani, akafungua mdomo kulia.

Nikamwambia, "Nyamaza! Usimlilie mtu aliye hai!" Nikamgeukia yule kijana. "Mwanangu hakupotea. Katika nyumba hii hakuna kitu kilichowahi kupotea. Ondoka na koti lako." Nikalitupa koti njiani. Mwaisaka akaondoka anakohoa. Mama yako alilifuata koti, akalikung'uta vumbi, akaliweka chini kabisa ya sanduku. Kilio chake alikimeza. Hatukuweka matanga. Watu waliokuja kutupa pole niliwarudisha mlangoni, nikawaambia wasubiri harusi. Wewe nilikuambia kaka yako ana kazi nyingi, ataandika.

Ndiyo hivyo, Vitalisi. Barua uliyokuwa unaingoja tangu utotoni, baba yako alijua haitakuja.

Wiki hiyohiyo ndipo ilipoanza. Nilikuwa shimo la saba, alfajiri, ukungu mzito huoni ncha ya fimbo. Kutoka ndani ya kichaka, miluzi miwili mifupi. Nikasimama. Nywele za shingo zikasimama nazo. Kimya. Kisha tena, miwili. Ulikuwa mluzi wa vidole, unapita kwenye ukungu kama sindano. *Umeingia majanini. Natafuta.*

Miaka kumi imepita tangu hapo. Mwalyego alikufa, nikautupa mpira tena kichakani, nikasema sasa tutaona kama si yeye. Kesho yake, baada ya maziko, mstari ulikuwepo. Kila ukungu, miluzi miwili. Haukuja mmoja mfupi hata siku moja. Haukuja mrefu. Ni miwili tu, kama mtu aliyetumwa kutafuta kitu ambacho wakubwa wamesema kipo, naye hakioni, na hakuna aliyemwambia acha. Wewe mwenyewe umefanya kazi pale, najua umesikia. Siku moja uliniuliza, "Baba, ni ndege gani yule?" Nikakuambia ni ndege wa baridi.

Juzi nilikuwa nyuma ya nyumba nachonga mpini. Nilikusikia ukimwambia mama yako jikoni: "Mama, tukifika Johannesburg nitaomba siku mbili. Nitamtafuta kaka. Nitapita mgodi kwa mgodi mpaka nimpate." Ulisema kwa furaha, kama mtu anayetoa zawadi. Mama yako alinyanyuka. Alikwenda ndani, akaweka sweta lako, blanketi lako na cheti chako cha ubatizo kwenye sanduku, akafunga, akaufunga ufunguo kwenye kanga. Unadhani amekasirikia gofu. Ulikuja kwangu unalalamika: "Baba, mwambie Mama anipe vitu vyangu." Nami nilimwambia, tena kwa ukali. Akanijibu mara moja tu, na tangu hapo hajasema neno:

"Sitoi wa pili aende kumtafuta wa kwanza, wakati wewe bado unasema wa kwanza yupo."

Nimetawala nyumba hii kwa sauti, mwanangu, na lile neno lilisemwa polepole, likaniketisha.

Bila vitu hivyo, hasa cheti cha kukuvusha mpakani, hutapanda gari. Na hata ukipanda, utakwenda kule unasikiliza. Mtu mwenye kusikiliza miluzi miwili hatoki majanini. Utapita mgodi kwa mgodi, mashindano yatahamia mji mwingine, Bwana Kimya ataajiri kedi wa hukohuko, na wewe utakuwa bado unatafuta, kwa sababu baba yako alisema kipo.

Naiacha kalamu hapa. Nakwenda shimo la saba. Ukungu umeanza kushuka Loleza, na ni saa tisa tu mchana.

*

Nimerudi. Viatu vimelowa, sijavivua, nataka niandike kabla sijaanza kujisifu.

Nilimpita mama yako mlangoni. Nikamwambia nakwenda wapi. Nilimwonyesha mpira, ambao kwa miaka yote hii nilidhani hajui nauficha kwenye kopo la misumari. Akautazama kama mtu anayetazama panya aliyekuwa anamsikia darini. Alisema, "Mimi pia huwa nasikia." Kumi, Vitalisi. Miaka kumi tumelala kitanda kimoja, kila mmoja anasikia, kila mmoja anajifanya usingizi.

Kiwanjani hapakuwa na mtu. Ukungu ulikuwa umekula bendera zote. Nilifuata miguu yangu tu. Nilipokaribia kichaka, miluzi ikaanza. Miwili. Miwili. Ilikuwa karibu kuliko siku zote, kana kwamba anayepiga amekuja mpaka ukingoni na kati yetu kuna majani tu. Nilinusa mafuta ya brauni, na kitu kingine, harufu ya udongo wa chini sana, ule usiowahi kuona jua.

Nilitaka kukimbia, nakwambia ukweli. Mimi Kipanga. Nilijishika kwenye mti wa bendera.

Nikavua kofia. Nikauweka mpira chini, kwa mkono, sikuutupa, pale nje ambapo Kasiani alisimama siku ile. Nikataka kusema, na sauti yangu ambayo haijanyamaza tangu pangoni haikutoka. Nilikohoa kama mbuzi. Mara ya pili ikatoka ndogo. Mara ya tatu nikasema kwa sauti, kama Mwalyego alivyotuagiza:

"Mpira umepotea. Niliupoteza mimi."

Miluzi ikakatika.

Na hapo nikajua haijatosha, maana ile miluzi haikuwa inatafuta mpira. Kisha nikasema, "Kasiani, mwanangu. Ulisema kweli, nami nikakusemesha uongo. Wewe umepotea, baba. Wewe pia umepotea. Acha kutafuta."

Nimekwisha kukuambia kwamba hakuna aliyepiga mluzi kama Kasiani. Ulikuja mmoja. Mrefu. Ulianzia kwenye majani, ukapita juu ya kichwa changu, ukapita juu ya brauni, ukaenda upande wa Mwanjelwa, unazidi kuwa mwembamba, mrefu kuliko pumzi ya mtu yeyote aliye hai. Nilipotazama chini, mpira haukuwepo. Nilikwenda kwenye brauni nikapiga magoti, nikatazama kwa haya macho. Hapakuwa na mstari. Nikatia mkono shimoni. Lilikuwa tupu, na baridi.

Nilipofika kona ya nyumba nilisikia mama yako analia. Analia kwa sauti, kilio cha msiba chenyewe, kile nilichomzuia. Majirani walikuwa wameanza kukusanyika, wanawake wameketi chini. Sikumuuliza kama amesikia. Nilimwona tu mlangoni, kanga imefunguliwa pindo, sanduku wazi. Ametoa vitu vyako, na kimoja cha kaka yako. Sweta lako na blanketi lako vipo mezani, vimekunjwa, na cheti chako juu yake. Koti la Kasiani lipo mapajani mwake. Kesho, gari likishaondoka, tutalizika nyuma ya nyumba, kwa kuwa mtu hawezi kukosa mahali.

Kwa hiyo ukifika Johannesburg, usimtafute. Lala, kula, beba mfuko. Ukipita juu ya migodi, vua kofia, basi. Na siku mpira wa Bwana Kimya utakapoingia pasipotoka, mbele ya watu elfu, na kikombe kimebaki hatua tatu, mwambie umepotea. Atanuna. Hiyo ndiyo siku atakapojua amemwajiri nani. Na mtu akikuuliza kama ni kweli baba yako hajawahi kupoteza mpira, mwambie alipoteza mmoja. Lakini mwambie ni miaka thelathini! Mmoja kwa miaka thelathini bado si mchezo, nani mwingine anao?

Unakuja njiani, naona kofia yako juu ya ua. Watu wa msiba watakueleza kabla yangu, lakini barua hii isome, ujue ilivyokuwa.

Kama hutaniamini, wapo wa kuulizwa. Mjomba wako Kiwele yupo Ipogolo, mtakapokuwa mnarudi kupanda Nairobi mtapita mlangoni kwake. Muulize siku ya kikombe, na kwa nini hakula ile nyama. Mwaisaka wa Tukuyu, kama kifua chake kimemwacha hai, ndiye aliyebeba koti. Mama yako ameusikia mluzi akiwa hapa nyumbani, na yeye hajawahi kunisaidia uongo hata mara moja, ndiyo maana tumegombana miaka thelathini na mitatu. Shahidi mkubwa ni kaka yako Kasiani. Nilimweka shahidi mara moja, akasema nilichotaka mimi. Leo amesema cha kwake.

Baba yako,
Kipanga